Kifua cha Moraa na Wimbi wa Shangazi

Nyinyi wasichana mlionizunguka Jumapili iliyopita, mkanisukumia simu puani na kuniuliza, "Nyanya, hii ni kabla, hii ni baada, unaonaje?" mlidhani nitaanguka kwa mshtuko. Mimi? Mimi niliyewashonea sidiria nusu ya wanawake wa Kisii, na ile nusu nyingine ilikosa tu ujasiri wa kuja? Mlinieleza kwamba siku hizi daktari anaongeza juu, anapunguza chini, anafyonza mafuta ya tumbo na kuyapeleka makalioni, na mtu anaamka akiwa mwingine. Mkataka kujua kama nakubali au nakataa. Sikujibu kwa sababu chai ilikuwa inafurika jikoni. Sasa chai imenyweka, kwa hiyo tulieni. Nitajibu kwa njia ndefu, maana ya mkato mngeisahau kabla ya kufika langoni.

Kwanza mjue kwamba hamkuvumbua chochote. Hata sisi tulitaka kile tusichokuwa nacho. Mwenye kidogo alitaka kingi, mwenye kingi alitaka mgongo upumzike, na mwenye vya kutosha alitaka vya jirani. Tofauti ni kwamba sisi tulimwendea fundi mwenye sindano na uzi, na tukikosea tulifumua. Hilo la kufumua mliweke akilini, nitalirudia.

Fundi aliyenifundisha alikuwa Mama Achieng', mwanamke wa kutoka upande wa ziwani aliyemfuata mumewe, karani hapa mjini. Alikuwa amepanga baraza ya duka la vitambaa, na hapo mwisho wa baraza, nyuma ya pazia la leso, ndipo alipokuwa na cherehani yake. Wenzake wote barazani walikuwa mafundi wanaume wa kushona suruali na sare za shule. Waliliogopa lile pazia kama wanavyoogopa nyoka. Nilimwendea miaka ya sitini, kiuno changu kikiwa bado kinaonekana, nikamwomba anifundishe gauni. Akanitazama juu mpaka chini.

"Gauni kila mtu anashona," akasema. "Keti hapa, nyathina, mwanangu. Nitakufundisha kitu ambacho mwanaume hawezi kukunyang'anya."

Sasa tatizo letu lilikuwa hili. Mwanamke wa Kigusii wa siku zile angekufa kabla ya kutamka neno sidiria mbele ya mumewe, sembuse kutaja kipimo. Basi Mama Achieng' alizitupilia mbali namba zote, akapima kwa matunda ya soko la Daraja Mbili. Limau, chungwa, parachichi, papai. Mke anasimama barazani na mzee wake, anasema kwa sauti bila wasiwasi, "Mama Achieng', nitakuja Alhamisi kuchukua zile parachichi zangu mbili." Mzee anatikisa kichwa, anaona mke wake ni mtu wa mipango. Kuna mmoja wa Nyamira alirudi peke yake siku ya pili kulalamika kwamba mkewe alifuata parachichi na hakuleta hata moja. Mama Achieng' akaenda sokoni mwenyewe akamnunulia.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Kikombe cha sidiria kinakatwa mshazari wa kitambaa, la sivyo kitakunja uso. Na mjue hivi, maana hata leo naona mnavyokosea madukani: uzito haubebwi na mikanda ya mabegani. Uzito unabebwa na mshipi wa chini, ule unaozunguka mbavu. Mikanda ya juu inashikilia tu, kama mtu anayemshika mkono mgonjwa aliyebebwa na wengine. Ukiona msichana ana mifereji mabegani, mwambie abadilishe mshipi, asimlaumu Mungu.

Kwa wale wa limau waliotaka kuwa wa chungwa, tulijaza. Ukiona vyaelea, vimeundwa! Pamba ya dukani ilikuwa nzuri asubuhi, lakini kufika saa nane imelowa jasho na kujikusanya upande mmoja. Sufi ilitoroka kupitia mishono, mteja akawa anapiga chafya kwa sababu ya kifua chake mwenyewe. Sponji ya godoro ilipofika tukashangilia, mpaka tukagundua kwamba inakunywa mvua kama ng'ombe. Mama mmoja mjanja wa Nyamache alijaza maganda makavu ya mgomba bila kutuuliza. Kila alipoinama kusali kanisani alilia chakacha, chakacha, na waumini wakadhani kuna panya darini.

Na tumbo? Mnafikiri hatukutaka tumbo liondoke? Kulikuwa na mama mwenye kibanda cha nguo za mitumba, tumbo lake lilikuwa linamtangulia kufika mahali. Tulimshonea mshipi mpana wa kitambaa kigumu na kulabu, akauona mlegevu. Akaenda kwa fundi wa baiskeli, akapata mpira wa ndani wa tairi, akajifunga nao akauzungusha mara nyingi na kuukaza kwa fundo. Kweli alipungua! Alikwenda kwenye harambee ya shule akiwa amebana kama mwiko, anapumua kwa kuiba. Wakati wa wimbo wa kukaribisha wageni akavuta pumzi ya kupandisha sauti ya juu. Fundo likaachia. Tulisikia pwaa! na kifungo cha gauni lake kikampata mgeni wa heshima kwenye paji la uso.

Mama Achieng' alipoambiwa alicheka mpaka akashika cherehani. Kisha akasema, "Nyama haipotei. Unaifinya hapa, inahamia pale. Kazi ya fundi ni kuipa mahali pazuri pa kukaa." Na mimi nawaambia hata hao wenu wa kufyonza wanapaswa kuwaonyesha inakwenda wapi na itarudi lini, maana ugali ule bado mnaula.

Lakini msije mkasema nyanya yenu anachukia kisu. Hapana. Alikuwako mwalimu mmoja, upande wa Nyamira, aliyekuwa amepita papai kabisa. Mama Achieng' alikuwa hana tunda la kumtajia. Shingo ilimuuma, mgongo ulimuuma, chini ya matiti ngozi ilichubuka kila msimu wa joto. Tulimshonea mshipi wa upana wa kiganja kizima, mikanda mipana ya kupishana mgongoni, tukatumia ujuzi wetu wote. Alipata nafuu kidogo tu. Mama Achieng' akaweka mkasi chini, akamwambia, "Mwalimu, mimi nashona kitambaa. Hii yako inataka daktari." Akaenda hospitali, akatumwa Nairobi, wakampunguza.

Aliporudi watu walifika kumwona kama wanaotazama daraja jipya. Mzee mmoja alithubutu kumuuliza ile nyama iliyokatwa imezikwa wapi. Yule mwalimu alitueleza nyuma ya pazia bila kuficha: palimuuma sana, ana makovu, kwa miezi hakuruhusiwa kuinua hata debe la maji, na daktari alimwambia wazi kwamba akizaa tena huenda asiweze kunyonyesha. "Aliniambia yote hayo kabla," akasema, "nikakubali nikijua. Sikwenda kutafuta urembo, nilikwenda kutafuta usingizi." Nilimpima upya akatoka parachichi safi, na tulilia sote watatu kwa furaha. Kwa hiyo mkienda kwa hao wa kwenye simu, ulizeni kama mwalimu alivyouliza. Anayekata ni nani, amesomea wapi, itakuwaje ikiharibika, itadumu miaka mingapi, na nikitaka kunyonyesha? Akianza kuwaonyesha picha tu bila kujibu, chukueni mikoba yenu mtoke. Lile la kufumua nililosema nitalirudia ndilo hili: uzi unafumuliwa, kisu hakifumuliwi.

Na kuna swali jingine, ambalo si la daktari, ni lenu wenyewe: nabadilika kwa ajili ya macho ya nani? Hilo ndilo linanileta kwa Moraa, aliyenusurika kukosa ndoa kwa sababu ya wimbi kidogo, ile nafaka ya uji.

Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa sasa na cherehani yangu. Moraa alikuwa msichana wa Birongo, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kwaya, na kifua chake kilikuwa limau changa. Alikuwa anaolewa na Nyakundi, kijana wa Nyamache aliyefanya kazi kiwanda cha chai. Alikuja nyuma ya pazia langu, akalivuta likafunga vizuri.

"Fundi, nataka machungwa. Makubwa."

"Nani amekuambia limau ni mbaya? Limau inakamuliwa kwenye kila kitu."

Hakucheka. Akaniambia kwamba siku watu wa kina Nyakundi walipokuja kwao kujitambulisha, yeye akiwa anapanga vikombe nyuma ya mlango, alimsikia mama mkwe wake mtarajiwa akimnong'oneza mwenzake: "Msichana ni mzuri, lakini wajukuu wangu watakufa njaa." Hakulala siku hiyo. Aliamini kwamba yule mama akimwona madhabahuni vile alivyo, atamrudisha kwao. Nilimhurumia sana. Nikamshonea vifuko viwili vya duara vya kitambaa cha amerikani, mshono mdogo mdogo ambao huoni uzi unaingilia wapi, nikavijaza pamba. Machungwa halisi. Alitoka pale amerudisha mabega nyuma kama askari.

Nilichosahau ni kwamba Moraa ana shangazi. Wagusii wenzangu mnajua shangazi wa bibi harusi ni serikali nzima. Shangazi akavibonyeza vile vifuko, akaona ni vyepesi. Akavifumua, akamwaga pamba yangu, akavijaza wimbi mpaka vikakaza, kisha akavifunga. Ili Moraa azoee mzigo, Ijumaa akamtuma sokoni akiwa amevaa. Mvua ya Kisii haiulizi mtu ana nini kifuani. Ikampata njiani ikamlowesha chapachapa.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linazama, na jua la Ijumaa likizama kwa Wasabato kama wao ni Sabato. Hakuna kufumua, hakuna kufua, hakuna kuanika. Na kaka zake walikuwa wamejaa nyumbani. Basi akavifunga vile vifuko vilivyolowa ndani ya leso, akavitia katika sanduku la bati, akalisukuma nyuma ya mekoni palipo na joto. Nyinyi mnaokunywa soda hamjui, lakini bibi zenu wanajua: unalowesha wimbi, unaufunga, unauweka penye joto. Hivyo ndivyo kimea cha pombe kinavyotengenezwa! Angetaka kukitengeneza makusudi asingefanya vizuri zaidi.

Jumapili asubuhi nilifika Birongo kumvalisha, nikakuta shangazi ameshamvalisha mwenyewe. Nikasimama mlangoni.

"Moraa, nilikushonea machungwa. Haya mapapai yametoka wapi?"

"Fundi, nyamaza," shangazi akanijibu. "Pamba yako ilidanganya vibaya. Mwili uko na uzito. Niliweka wimbi."

"Mbona gauni liko na maji hapa?"

"Itakauka na joto yake."

Nilitaka kubishana lakini gari lilikuwa linapiga honi. Yale magari ya kukodi ya harusi, mnayajua: lilikwama kwenye tope chini ya kilima cha kanisa, tukapanda kwa miguu. Moraa alipanda akiwa ameinua gauni, jasho linamtoka, na kadiri jasho lilivyotoka ndivyo harufu ilivyopanda. Mwanzo nilidhani tunapita karibu na boma la mtu anayepika busaa, pombe ya nafaka. Tukapita maboma yote. Harufu ikaendelea kutufuata. Nikamtazama shangazi, shangazi akatazama mawingu.

Mlangoni mwa kanisa Mama Nyakundi alimkumbatia mkwe wake. Alikuwa mkuu wa akina mama, mwanamke ambaye hata chai alikuwa anaionea mashaka. Nikaona pua yake ikisimama. Akamwachilia taratibu.

"Huyu mtoto amekunywa," akasema.

Habari ilienea kanisani kabla sijafunga mdomo. Mchungaji akafunga kitabu. Baba Nyakundi, mzee wa kanisa, akasema hapana ndoa mpaka ajue ukweli, na kama ni pombe, msichana arudi kwao hivyo hivyo. Nyakundi mwenyewe alikuwa amesimama mbele na koti lake la kuazima, hajui aende wapi. Wakatuingiza kwenye chumba kidogo cha pembeni: Moraa, shangazi, Mama Nyakundi na mimi. Wanaume wakabaki nje ya mlango, wanangoja jibu.

Na jibu lenyewe lingesemwaje? Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya na heshima kati ya wazazi na wana. Baba mkwe na mke wa mwanawe, hapo ndipo inapokaza zaidi. Nyumbani kwake haingii ovyo, na mambo ya mwili wake hayatajwi masikioni mwa mzee huyo hata nyumba ikiungua. Sasa Baba Nyakundi yuko nyuma ya mlango, anataka kujua harufu inatoka wapi, na inatoka kifuani! Akinyamaza Moraa, ni mlevi. Akisema, amemvunjia heshima baba mkwe kabla hajaitwa mkwe. Nyasae, Mungu wangu! Nilitafuta dirisha la kutorokea, likawa dogo.

Mama Nyakundi akasema, "Sema kweli, mtoto. Umekunywa nini?"

Moraa aligeuka ukutani, akaingiza mkono, akatoa kifuko kimoja, akatoa na cha pili, akamwekea mama mkwe mikononi. Shangazi alikuwa amekaza, lakini wimbi ulikuwa umevimba ukauzidi ule mshono wake wa haraka, na vijimizizi vyeupe vilikuwa vinachungulia nje. Vilikuwa na joto. Mama Nyakundi alivigeuza, akavinusa.

"Hii ni nini?"

"Ni ya wajukuu wako," Moraa akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Ili wasikufe njaa. Nilikusikia siku ile, mama. Nimeona haya tangu siku ile mpaka leo."

Wasichana, nimewaona watu wengi nyuma ya pazia, lakini sijaona uso ukibadilika kama ule wa Mama Nyakundi. Ulianguka wote. Akamfuta Moraa machozi kwa pembe ya kitambaa chake cha kichwa. "Nyanyake Nyakundi alinisema hivyo hivyo," akanong'ona. "Na nikanyonyesha wanane." Kisha akanigeukia mimi kwa ukali, maana ilibidi amkaripie mtu. "Fundi! Usisimame hapo kama nguzo, punguza hiyo gauni!"

Nikatoa pini zangu. Yeye akafungua mlango, akatoka na vile vifuko viwili juu ya viganja. Nilisikiliza huku nikibana mishono. Hakusema uongo hata neno moja.

"Hajakunywa kitu. Ni wimbi. Bibi harusi ametuletea wimbi, mvua ya Ijumaa ikaulowesha njiani, ukaota. Hiyo ndiyo harufu."

Nikachungulia. Baba Nyakundi alikuwa amechukua kifuko kimoja, anakipima uzito mkononi, anakigeuza, anakibonyeza kwa kidole gumba. Shangazi akauma leso yake.

"Msichana anayekuja kwa mumewe na mbegu!" mzee akasema, sauti imejaa. "Nyinyi vijana mnaona? Huyu hatakosa chakula nyumbani kwake. Na hiki kifuko, ona duara yake! Nani ameshona kitu kizuri hivi?"

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Umejaliwa, mama. Uendelee hivyo hivyo."

Kile cha pili akampa mchungaji, na hapo, mbele ya kanisa zima, kila mmoja na chake mkononi, wakaviinua juu na kuviombea vizae kwa wingi. Kwaya ikaitikia amina. Mama Nyakundi aliangalia chini na mabega yake yanaruka. Mimi nilirudi chumbani nikakaa sakafuni.

Moraa aliingia kanisani na limau zake, gauni limebanwa kwa pini mgongoni, macho mekundu, kichwa juu. Wakaoana. Ule wimbi Mama Nyakundi aliumwaga shambani kwake mwenyewe, na kwa kuwa mambo ya Mungu hayachekwi, ukakubali. Moraa alizaa, akanyonyesha, na watoto wale walikuwa wanene mpaka mtu akimbeba mmoja anatafuta kiti.

Siku moja nilipita kwao wakanipa uji wa wimbi. Shangazi naye alikuwapo, na kama kawaida yake hakuweza kunyamaza. Moraa alipotoka kwenda kuchota maji, tukamuuliza Nyakundi swali lililotukaa moyoni miaka yote. Siku ile ya harusi alimwona msichana akifika mlangoni na mapapai, kisha akamwona akiingia na limau. Aliwaza nini?

Nyakundi akatukodolea macho. Hakuelewa tunauliza nini. Tukamrudishia swali polepole, kwa heshima, shangazi akisaidia kwa mikono.

"Mimi sikuona hayo," akasema. "Niliona viatu vyake vimejaa matope. Nikajiambia, huyu mtu ametembea kupanda kilima chote hiki kunifuata mimi."

Shangazi aliweka kikombe chake chini, akatoka kwenda kumsaidia Moraa kubeba maji.